Kalamu ya Mawe

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na ushee, na muda wote huo nimepigana na herufi mbili tu: L na R. Huku kwetu Mwanza mtoto anakuja shule na ulimi wa nyumbani, na ulimi wa nyumbani haujali sana hizo mbili. Anakwambia baba amekwenda kupiga kula, halafu ubaki unajiuliza kama mzee yuko kwenye uchaguzi au kwenye sahani. Nimesahihisha mabango ya maduka, kadi za harusi, na safari moja hata tangazo la msiba, Mungu anisamehe. Kalamu nyekundu haikosi kwenye mkoba wangu mpaka leo, na nimeshastaafu. Watoto wangu walikuwa wakiona aibu kutembea na mimi mjini.

Kwa hiyo niseme mapema, nisije nikaonekana najificha: aliyekosea katika habari hii ni mimi.

Baba yangu mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, anakaa Kiseke, jirani na kwangu. Sisi ni watu wa Ukerewe kwa asili, na yeye ulimi wake haukuwahi kuhama kisiwani. Kwake kura ni kula na kula ni kura, na ukimsahihisha anakuangalia kwa huruma. Alifanya kazi maisha yake yote kama fundi wa injini za pantoni pale Busisi, enzi ambazo ukitaka kwenda Geita unapanga foleni kusubiri kuvushwa, kabla daraja halijajengwa. Injini zile zilimharibu masikio. La kulia halisikii kabisa, na la kushoto mwaka jana daktari alituambia tusitegemee litadumu.

Lakini kabla ya pantoni, baba mdogo alikuwa mpiga kinanda. Hii ndiyo hadithi yake, na sote tumekua nayo. Walikuwa vijana watano, na walifanyia mazoezi kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mawe huko Ilemela. Walikuwa wamesikia roki ya Wazungu kwenye redio, ile ya nyimbo ndefu zinazobadilika kila unapodhani umezizoea, wakaipenda mpaka wakaamua kutunga yao. Waliiita roki ya maendeleo, maana zama zile kila kitu kilikuwa cha maendeleo, hata bomba la maji. Mapigo yao yalikwenda kwa saba. Watu wa dansi walikuja mara moja, wakakosa pa kuweka mguu, hawakurudi tena.

Wao hawakujali. Walipanda meli mpaka Kisumu, wakachukua treni mpaka Nairobi, wakarekodi kwa siku mbili. Upande mzima wa santuri ulikuwa wimbo mmoja. Wakaambiwa nendeni nyumbani, santuri zikishachapwa zitawafuata kwa meli. Kisha mpaka ukafungwa, meli zikakaa, na santuri zikabaki huko huko. Bendi ikafa. Baba mdogo akaenda kuomba kazi kwenye pantoni. Kazi aliyoifanya Nairobi hakuwahi kuishika mkononi wala kuisikia hata mara moja.

Mimi nilikuwa darasa la kwanza aliporudi kutoka Nairobi. Nilimuuliza hiyo santuri inaitwaje, akaniambia, "Kalamu ya Mawe." Sasa nyie wa siku hizi hamjui, lakini sisi tulianza kuandika kwenye vibao vya mawe, na kile kijiti cha kuandikia kiliitwa hivyo hivyo, kalamu ya mawe. Mimi nilikuwa nacho mkononi. Nikaona wazi kabisa kwamba baba mdogo amekwenda mpaka Nairobi kuimba habari za kalamu yangu. Nilitembea nayo shuleni wiki nzima kifua mbele, nikiwaambia wenzangu wasiiguse.

Nilipokua, nikaanza kuitafuta santuri ile. Niliuliza watu wa Musoma, nikauliza waliokwenda Kisumu. Mtandao ulipokuja nikaandika "Kalamu ya Mawe" mara sijui ngapi, nikaletewa maduka ya vifaa vya shule na mafundi wa kuchonga makaburi. Ikafika mahali nikaacha. Na mtu ukiacha kutafuta kitu, unaanza kusema hakipo.

Hapo ndipo nilipofanya ubaya wangu. Ilikuwa sendofu ya binti yangu, miaka minne iliyopita. Ukoo mzima ulikuwepo. Baba mdogo akapewa maiki amtakie bibi harusi heri, akamtakia vizuri, halafu hadithi ikamponyoka. Akaanza: mimi na wenzangu tuliwahi kurekodi, upande mzima wimbo mmoja. Vijana wakaanza kucheka. Mmoja akaniuliza kwa sauti, "Mwalimu, kweli hiyo?" Na mimi, kwa kujidai tu, kwa kupenda kuchekesha watu, nikachukua maiki nikasema, "Baba mdogo tunampenda sana, lakini mimi nimeitafuta mpaka nimechoka. Hiyo santuri ipo kichwani mwake tu."

Ukumbi ulicheka. Na yeye alicheka. Akarudi kwenye kiti chake akafuta mdomo kwa leso, na chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa.

Tangu siku ile hakuitaja tena. Mama mdogo, mke wake, ni mtu wa maneno machache, lakini alikuja kwangu wiki mbili baadaye, akakataa hata chai. "Mume wangu alikuwa akigonga meza kila asubuhi akisubiri uji," akaniambia. "Miaka arobaini anagonga, namgombeza haachi. Sasa ameacha. Umemnyamazisha wewe." Akaaga. Nilibaki nimeshika birika, na nilijisikia vibaya, tena vibaya sana, lakini ningefanya nini? Kusema samahani, kitu kipo, wakati nilijua hakipo?

Mwezi wa tatu mwaka huu, brenda yangu ya juisi ikafa. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa vitu vya umeme pale Makoroboi. Ni mtu wa rika langu, mtoto wa mjini hasa. Babu yake alikuwa na duka hapo hapo, baba yake akalirithi akauza redio na santuri, yeye sasa anatengeneza chochote chenye waya. Nilimkuta amevua kanzu, amebaki na fulana, anatoa makatoni stoo.

"Mwalimu, karibu. Brenda imekula nini safari hii?"

"Kijiko."

"Afadhali. Mara ya mwisho ilikuwa mfupa." Akaisukuma pembeni. "Nasafisha vitu vya mzee. Nataka pa kuweka televisheni. Hebu angalia hapo kama kuna santuri za kwaya unazozitaka, chukua bure, zinanimalizia nafasi."

Nikachutama kwenye katoni. Za kwaya zilikuwepo, za taarabu, za dansi, zote vumbi tupu. Chini kabisa kulikuwa na moja jalada lake limeliwa pembe na panya. Lilikuwa na picha ya mawe yetu haya ya Mwanza, makubwa, yamepangana ziwani, na mbele ya kila jiwe wamechora sahani na bakuli. Juu, kwa herufi nyekundu: KARAMU YA MAWE.

Nitawaambia ukweli nilichofanya kwanza. Nilisahihisha. Nilimwonyesha fundi nikasema, "Ona watu hawa, wamechapa kitu kizima na kosa juu. Hii ni kalamu."

Fundi akaja akainama. Akaangalia jalada, akaniangalia mimi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "haya mawe yanaandika au yanakula?"

Nikakaa chini. Hapakuwa na kiti, nikakalia televisheni mbovu. Karamu. Mawe yamekaa kwenye karamu, ziwa limekuwa meza, ndivyo vijana wale watano walivyoyaona kutoka dirishani kwao. Na mimi, niliyewakatia watoto wa watu maksi kwa kosa hili hili, miaka yote hiyo natafuta kijiti cha kuandikia. Kwa sababu alilitamka baba mdogo, kwa ulimi wake, na haikunijia hata siku moja kwamba neno lililotoka kinywani mwake nilipaswa kuligeuza kwanza.

Nikageuza jalada. Nyuma kuna picha ya vijana watano, nywele matimutimu, suruali za bugaluu pana chini, viatu vya raizoni vya soli nene. Wa mwisho kulia ameegemea kinanda, na masikio yake yamesimama vile vile yanavyosimama leo. Chini yake majina yake, yote matatu.

Nilicheka mpaka fundi akaniletea maji. Kisha nikalia kidogo, si sana. Akaniambia baba yake alirudi na shehena ya mwisho kutoka Nairobi kabla mpaka haujafungwa, na hii aliijaribu dukani, wateja wakasema inawavuruga kichwa, akaitupa chini ya zile nyingine. Kwa hiyo muda wote ilikuwa Makoroboi, na baba mdogo amepita nje ya duka lile mara elfu akienda kununua betri.

"Ngoja tuisikilize," fundi akasema, na mkono umeshafika kwenye gramafoni.

"Usiiguse."

"Upande mmoja tu."

"Hakuna cha upande. Wa kwanza kuisikia ni mwenyewe, na ana sikio moja tu lililobaki. Tufanye haraka."

Akaitoa kwenye jalada, akaiinua usawa wa macho. Ilikuwa imepinda kama chapati ya jana. Akasema haitachezeka hivyo, nimwachie. Akailaza katikati ya vioo viwili vya dirisha, juu akaweka kichwa cha cherehani, na kila siku saa za mchana akavitoa vioo nje vipate jua kidogo, anakaa navyo kama anayelinda dagaa wasiibwe na kunguru. Siku ya tisa akanipigia simu. Mstari mmoja umekwaruzika, akasema, lakini imelala.

Sikumwambia baba mdogo. Nilimwambia mama mdogo peke yake, jikoni kwake, nikamwonyesha picha ya jalada kwenye simu. Akaisogeza simu karibu na macho. "Alikuwa na nywele," akasema. Kisha akasema, "Walete wote waliocheka. Nitapika."

Jumapili baada ya kanisa wakaja kumi na tano na zaidi, sebule ikajaa, wengine wakakaa barazani. Mama mdogo alikuwa ametengeneza sato wa kukaanga, wali, ndizi na kachumbari. Fundi akafika kwa bajaji, gramafoni ameipakata, maboksi mawili ya spika yamefungwa nyuma kwa kamba. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shati jeupe, anaangalia vitu vinavyoingizwa.

"Nani anaorewa?" akauliza.

Hakuna anayeolewa, tukamwambia. Nikaenda nikapiga goti upande wa sikio lake la kushoto.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Mwalimu hakosi hotuba. Lakini maneno yalitoka machache. "Siku ya sendofu nilisema santuri yako ipo kichwani mwako tu. Nilisema mbele ya watu hawa hawa. Nimekuja kusema mbele yao kwamba mwongo nilikuwa mimi." Nikampa jalada.

Akalipokea kwa mikono miwili. Alianza na nyuma, kwenye picha. Akaweka kidole kwa wa kwanza. "Huyu amekufa." Wa pili. "Na huyu amekufa." Wa tatu hakumsema. Wa nne akasema alikwenda Zambia. Kwenye wa tano kidole kikakaa. "Mimi huyu hapa," akasema, na uso wake ukafunguka. Nilikuwa sijauona hivyo kwa miaka minne. Akageuza akasoma mbele, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Kalamu ya Mawe."

"Karamu, baba mdogo," nikamwambia. "Karamu ya chakula. Mimi miaka yote nilisikia kalamu."

Akanitazama kwa ile huruma yake. "Sasa mimi nasema nini? Si kalamu?"

Fundi akashusha sindano.

Baba mdogo alikuwa ameshaomba asogezewe spika, akaweka kiganja chake juu ya boksi. Kwanza ulikuja mchakacho, kisha kinanda, peke yake, chini kabisa, mpaka vikombe vya kabatini vikatetemeka. Kisha ngoma zikaingia, na gitaa likaja kuzunguka juu yake. Sijui niseme nini kuhusu muziki ule. Si wa kucheza. Shemeji yetu mmoja, mtu wa dansi hasa, alinyanyuka kwa heshima ya mwenye nyumba, akachapa hatua nne, ya tano ikapotea, akakaa. Lakini ukitulia nao, unakushika. Unaenda, unasimama, unageuka nyuma ya jiwe, unarudi umevaa nguo nyingine. Nilifurahi kama mtoto. Kizuri kilikuwa kizuri, na hakikuwa kizuri kwa sababu tu ni cha kwetu.

Mama mdogo alitoka jikoni na bakuli la wali, akasimama mlangoni. Mwiko wake ulikuwa unagonga ukingo wa bakuli, na sidhani alijua. Moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili. Saba.

"Hii naijua," akasema. Akamwangalia mumewe. "Hii si ndiyo uliyokuwa unanigongea mezani?"

Hakumsikia. Alikuwa amefumba macho, vidole vya mkono mwingine vinatembea kwenye paja. Mara sindano ikafika kwenye mkwaruzo, ikaruka. Sisi wote hatukutambua kitu. Yeye alifumbua macho.

"Hapo imepotea moja," akasema. Fundi akaangalia mstari, akatikisa kichwa kwa heshima. Wale vijana waliocheka kwenye sendofu wakatazamana. Sikio moja bovu, miaka hamsini, na kiganja chake kilijua pigo moja lililokosekana.

Baadaye sana, watu wameshaanza kuamini hakuna wa kuimba, sauti ikatokea. Kijana mmoja, sauti nyembamba ya mtu wa visiwani, akaimba wazi, kila mtu akasikia: kalamu, kalamu ya mawe, njooni mule. Kwa L. Safi kabisa, L ya kisiwani, kwenye santuri iliyoandikwa R.

Ukoo mzima ukanigeukia mimi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nao wakacheka, na baba mdogo akacheka kwa kuwa sisi tunacheka, na kicheko hicho hakikuwa kile cha ukumbini.

Wimbo ulipoisha sindano ilibaki ikichakacha. Aliendelea kuweka kiganja kwenye boksi, anasubiri. Kisha akanivuta karibu.

"Imeisha?"

"Imeisha, baba mdogo."

"Mwishoni kuna filimbi. Inapanda juu sana. Ipo?"

Filimbi ilikuwepo. Ilikuwa imepanda juu peke yake baada ya vyombo vyote kunyamaza, muda mrefu, na yeye alikuwa amekaa katikati yake hajui.

"Ipo," nikamwambia.

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili tatu. Hakuonyesha huzuni, au aliificha, sijui. Aliniamini tu. Nilifikiri jinsi ambavyo mimi sikumwamini yeye.

Kisha akavuta meza ndogo mbele yake, akalaza jalada juu, akaigonga meza kwa vidole, saba, kama zamani. Akainua uso.

"Leteni karamu."

Mama mdogo akasogeza wali. Shemeji akachukua sinia la samaki. Mtoto mmoja akakimbilia sahani. Baba mdogo akawaangalia wote kwa kuwashangaa, na mimi nikafungua mkoba wangu, nikamtolea ile kalamu nyekundu.

Akaandika jina lake chini ya picha yake, polepole, herufi za mtu wa injini. Kisha akageuza jalada upande wa mawe na sahani zake, akanirudishia kalamu.

"Haya mwalimu," akasema. "Sahihisha."

Nikaweka alama moja ya vema, kubwa, katikati ya mawe, wote wakiona.